Usiulize Kama Uko Tayari, Uliza Dirisha Linafunguka Lini

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaocheza Kerbal Space Program ni hili: "Nimeshatua Mun mara tatu, Minmus nimefika, sasa niende Duna lini?" Wengi hutarajia nitaje aina ya injini, au pointi za sayansi, au ukubwa wa tanki la mafuta. Mimi huwarudishia swali: Duna iko wapi angani leo? Kama hujui, basi hata roketi yako iwe ndefu kama jumba la KICC, safari bado hujaanza kuipanga.

Leo nataka kulijibu kwa urefu, na nitalijibu kwa historia. Kwa nini historia? Kwa sababu swali hili si la gemu peke yake. Mabaharia wa Mombasa walilijibu. Wafanyabiashara wa Kitui walilijibu, na mmoja wao alilipa kwa uhai wake. Wahindi wamelijibu, Waarabu wa Ghuba wamelijibu. Na sisi wa Makueni lilituangukia kihalisi, kilo kama 500 za chuma, mwisho wa mwaka 2024. Nitafika hapo.

Kwanza gemu yenyewe

Kwa wale ambao hawajaicheza: Kerbal Space Program ilitengenezwa na Squad, kampuni ya Mexico City. Toleo la kwanza la umma lilitoka 2011, na toleo kamili likaja 2015. Unapewa sayari inaitwa Kerbin, viumbe vidogo vya kijani vyenye ujasiri kupita akili, na karakana ya kuunda roketi. Kerbin ina miezi miwili, Mun na Minmus. Mbali zaidi kuna sayari nyingine: Eve ya zambarau, Duna nyekundu inayofanana na Mars, Jool kubwa ya kijani, na nyinginezo.

Sasa sikiliza hesabu inayowashangaza watu. Ukiwa tayari unaizunguka Kerbin kwa chini, kujisukuma kuelekea Mun kunadai uongeze mwendo kwa kama mita 860 kwa sekunde. Kujisukuma kuelekea Duna kunadai kama mita 1,060. Tofauti ni mita 200 hivi tu! Yaani mwezi wa jirani na sayari ya mbali vinakaribiana bei mlangoni. Na Duna ina hewa kidogo, kwa hiyo parachuti inakusaidia kushuka, wakati Mun haina hewa kabisa na kila mita ya kushuka unailipa kwa mafuta.

Basi kwa nini watu wengi wanaishia kuelea gizani milele wakiitafuta Duna? Kwa sababu bei hiyo ni ya siku moja maalumu. Duna inatakiwa iwe mbele ya Kerbin kwa nyuzi kama 44 kwenye mzunguko wake wa jua. Hapo ndipo ukiondoka, unafika mahali ambapo Duna nayo inafika. Ukiondoka siku nyingine, unafika mahali pazuri sana ambapo hapana kitu. Nafasi hiyo ikipita, inarudi baada ya zaidi kidogo ya miaka miwili ya Kerbin. Mashabiki wa kandanda mtanielewa upesi: ni kama dirisha la usajili. Pesa unaweza kuwa nazo, mchezaji unaweza kuwa umemwona, lakini dirisha likifungwa limefungwa.

Kwa Mars ya kweli ni vivyo hivyo, na hata ile pembe ni kama nyuzi 44. Dirisha lake hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, likakaa wazi wiki chache, likafunga.

Pwani walijua kabla ya roketi

Sisi tunadhani mambo ya madirisha yaliletwa na NASA. Si kweli. Kwa karne nyingi uchumi wote wa Mombasa, Lamu, Zanzibar na Muscat uliendeshwa na madirisha mawili: kaskazi na kusi.

Kaskazi huvuma kuanzia karibu Novemba hadi Machi, ikitoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Majahazi yalikuja nayo, yakiwa na tende, vitambaa, vyombo, na watu. Kisha upepo ulikufa, ukageuka, ukaja kusi, kuanzia karibu Aprili, ukisukuma kurudi kaskazini. Katikati ya mwaka kusi huwa kali mno, bahari inachafuka, na mabaharia wenye akili walikaa bandarini. Nahodha hakujiuliza kama anajisikia tayari. Alijua tarehe zake, na kila kitu kingine alikihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hizo: lini aziibe nyufa za jahazi, lini apakie, lini amalize madeni sokoni, lini aage.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ndiyo KSP yenyewe. Aliyechelewa mwezi mmoja Mombasa hakuchelewa mwezi mmoja Muscat. Angeweza kuchelewa msimu mzima. Na kukaa msimu mzima bandari ya ugenini ni kulisha watu bila kipato.

Ona pia kwamba bahari haikuwa na huruma kwa mwenye jahazi zuri. Jahazi jipya lililokosa upepo lilipitwa na jahazi kuukuu lililotoka kwa wakati. Hili liweke akilini.

Kivoi wa Kitui na safari ya kurudi

Upande wa bara, waliolisha majahazi hayo kwa pembe za ndovu walikuwa ni wazee wetu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyotawala njia kati ya pwani na bara. Mtu aliyejulikana zaidi miongoni mwao alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui.

Mwaka 1849 Kivoi alimkaribisha kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa. Ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao baadaye nchi nzima iliitwa kwa jina lake. Kwa hiyo jina Kenya, lilivyoingia kwenye ramani za Wazungu, lilipitia Kitui kwanza. Msisahau hilo mnapotuita watu wa mawe na ukame.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, na yeye na Kivoi wakaondoka pamoja kuelekea mto Tana. Ilikuwa Agosti, na Agosti kwetu ni kiangazi, mito mingi ni mchanga mtupu. Karibu na Tana msafara wao ulishambuliwa. Kivoi akauawa. Krapf akakimbia peke yake porini, akatembea usiku na kujificha mchana, akiteswa na kiu. Alipofika mtoni alijaza maji hadi kwenye mitutu ya bunduki, kwa sababu hakuwa na chombo kingine cha kubebea. Mtu aliyetoka na msafara mzima alirudi akihesabu matone.

Sisemi kiangazi ndicho kilichomuua Kivoi, waliomuua ni wavamizi. Ninachosema ni hiki: mpango wa kwenda ulikuwepo, wa kurudi bila msafara haukuwepo. Wachezaji wa KSP wanalijua tatizo hili vizuri mno. Kila mmoja ana Kerbal wake mmoja anayekaa Duna hadi leo, anatabasamu, hana mafuta ya kurudi. Kwenye gemu ni kichekesho. Njia ya Tana haikuwa kichekesho.

Kwa hiyo historia ya kwetu inatupa kanuni mbili tayari. Ya kwanza ya nahodha: tarehe haikungojei. Ya pili ya msafara: kufika si kurudi, na aliye hai kwenye chombo anadai hesabu nyingine kabisa.

Wale walioharakisha na wale waliokosa

Twende kwa Mars yenyewe. Oktoba 1960 Wasovieti waliona dirisha linafunguka. Walirusha vyombo viwili kuelekea Mars, tarehe 10 na tarehe 14. Hakuna hata kimoja kilichofika kuizunguka dunia. Roketi ilikuwa mpya, haijakomaa, lakini dirisha lilikuwa wazi wakasema twende. Walikosa yote mawili, chombo na dirisha.

Je, walikosea kujaribu? Wengi husema ndiyo. Mimi sikubali moja kwa moja. Havikuwa na mtu ndani. Walichopoteza ni chuma na kazi, na walichopata ni kujua roketi inakatikia wapi. Kama wangeweka mtu humo, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

Miaka minne baadaye Marekani waliandaa vyombo viwili pacha kwa dirisha la 1964. Mariner 3 iliondoka 5 Novemba, kifuniko chake kikagoma kubanduka, ikafa. Dirisha lilikuwa linakaribia kufunga. Wahandisi walitafuta kosa, wakaunda kifuniko kipya na kukipima katika wiki tatu hivi, na tarehe 28 Novemba Mariner 4 ikaondoka. Julai 1965 ikapita karibu na Mars na kutuma picha za kwanza za karibu za sayari nyingine. Wiki tatu! Bila dirisha kufunga mbele yao, naamini kazi hiyo ingekula mwaka mzima na mikutano ishirini. Tarehe ngumu inaondoa porojo.

Lakini kuna siku ambapo jibu sahihi ni kukaa. Chombo cha InSight kilipangiwa kuondoka Machi 2016. Desemba 2015 kifaa chake cha kupima mitetemeko kikawa kinavuja, na kifaa hicho ndicho kilikuwa sababu ya safari. NASA wakafuta safari. Hawakuweza kusema "tutaenda Mei". Walingoja miezi 26, gharama ikaongezeka kwa zaidi ya dola milioni 150, na InSight ikaondoka 5 Mei 2018, ikatua Novemba hiyo hiyo na kweli ikasikia Mars ikitetemeka. Hapo ndipo gemu inatudanganya kidogo. Kwenye KSP unabonyeza kitufe, muda unakimbia mara 100,000, miaka miwili inaisha kabla chai haijapoa, na hakuna anayekudai mshahara. Duniani kusubiri kuna bei.

Sasa wawili ninaowapenda zaidi.

India walitangaza safari ya Mars Agosti 2012. Dirisha lilikuwa mwisho wa 2013, yaani miezi 15 hivi. Roketi yao kubwa ilikuwa imewasumbua, hawakuiamini. Wakachukua ile ndogo waliyoizoea, PSLV, ambayo haikuwa na nguvu ya kukisukuma chombo moja kwa moja hadi Mars. Kwa hiyo walifanya nini? Waliondoka mapema, 5 Novemba 2013, wakaizunguka dunia wakipanua mzunguko kidogo kidogo, msukumo baada ya msukumo, kisha mwanzoni mwa Desemba wakajirusha. Tarehe 24 Septemba 2014 Mangalyaan ikaingia kwenye mzunguko wa Mars, mara ya kwanza kujaribu. Gharama ilikuwa kama dola milioni 74. Ila kumbuka: walikuwa tayari wamefika mwezini kwa Chandrayaan-1, mwaka 2008. Mun kwanza, halafu Duna.

Nao Umoja wa Falme za Kiarabu walitangaza safari yao 2014 wakiwa na lengo moja: wafike kabla ya Desemba 2021, nchi ikitimiza miaka 50. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, dirisha lililokuwepo ni moja tu, Julai 2020. Basi. Hakuna kubishana tena. Walikuwa wameshajifunza kuunda setilaiti na Wakorea, wakashirikiana na chuo kikuu cha Colorado, wakanunua nafasi kwenye roketi ya Japani. Hali ya hewa Tanegashima ikachelewesha siku kadhaa, lakini walikuwa wamejiachia nafasi. Hope iliondoka tarehe 20 Julai 2020 kwa saa za Japani, ikafika 9 Februari 2021. Nchi ya majahazi yale yale ya kaskazi na kusi, wadau. Hesabu ya upepo hawakuisahau.

Na sisi Kenya je?

Hapa ndipo watu huanza kununa. "Sisi hatuna chetu huko." Ati hatuna?

Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Walipachagua kwa sababu pako kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na hapo mzunguko wa dunia wenyewe unakusukuma bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, jukwaani hapo ikaondoka setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya X kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo peke yake. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Kiongozi wake wa sayansi, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ya mwisho kutoka hapo iliondoka Machi 1988.

Kwa hiyo ikweta tulikuwa nayo, bahari tulikuwa nayo, jukwaa lilikuwa kwenye maji yetu. Lakini chombo kilikuwa cha watu, roketi ya watu, na ratiba ya watu. Tulikuwa bandari, hatukuwa manahodha.

Chetu cha kwanza kilikuja 2018: 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sanduku dogo la kushikika kwa mikono miwili, lililoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei. Halafu Taifa-1, iliyoondoka California tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Wapo waliocheka kwamba ni ndogo. Hao hawajacheza hata Minmus. Kila mtu huanza na sanduku. Mars haiko mbali na sanduku kama unavyofikiri. Iko mbali na asiye na sanduku.

Pete ya Mukuku

Sasa tarehe niliyoahidi. Alasiri ya 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, hapa Makueni, kulianguka pete ya chuma yenye upana wa kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilikuja, likaichukua, likasema uchunguzi wa mwanzo unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida huungua ikirudi hewani au huangukia pasipokaa watu kama vile baharini. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Fikiria maana yake. Mahali fulani, mtu alikaa na hesabu zake akachagua siku ya kurusha. Alichagua dirisha lake. Chombo kikaenda kilikotakiwa, watu wakapiga makofi. Na baki la safari hiyo likaja kutua kwetu, karibu na watu wanaopalilia kunde. Kuna mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha inawajibika kwa hasara inayotokea ardhini, hata kama haikuzembea. Vizuri. Lakini ili udai, lazima uwe na watu wako wanaoweza kuiangalia pete na kuitambua. Mtu asiye na wanaanga hata takataka ya anga hawezi kuijua ni ya nani.

Ndiyo maana hoja ya "tunataka maji, si roketi" huwa inanichoma, na wanaoisema nawaheshimu, kwa sababu maji kweli hatuna. Nimekulia huku. Najua jerikeni na punda. Lakini hoja hiyo inadhani kuna foleni moja: kwanza maji yaishe, ndipo anga ianze. Ukweli ni kwamba watu wa Kitui na Makueni hawajawahi kuishi hivyo.

Angalia mabwawa ya mchanga. Mto wa msimu ukikauka, vikundi vya mwethya hukusanyika na kujenga ukuta kukingama mto. Lazima umalizike kabla ya mvua za vuli, hizi za Oktoba hadi Desemba tunazozitegemea kuliko za Machi. Ukichelewa, mto unakuja na kubeba saruji yako. Ukuta ukisimama, mvua ya kwanza haikupi maji mengi, inakupa mchanga. Msimu wa pili mchanga unaongezeka. Wajenzi wengine huinua ukuta hatua kwa hatua makusudi, ili tope jepesi lipite na mchanga mkubwa ubaki, kwa sababu ndio unaoshika maji. Baada ya misimu kadhaa unachimba kidogo kiangazini na maji yapo. Kitui kuna mabwawa haya mamia. Hiyo ni kazi ya miaka, inayoendeshwa na madirisha, ikifanywa na watu wenye njaa ya leo. Hawakungoja washibe ndipo wajenge.

Susu wangu, upande wa Kitui, hupanda kavukavu. Mbegu zinaingia ardhini kabla ya tone la kwanza. Nikamuuliza siku moja, je mvua ikikataa? Akaniambia ndiyo maana hapandi mbegu zote. Baadhi ya mbegu ni ya kujaribu, baadhi ni ya akiba, na ya kula hajaigusa. Sijasikia mhandisi yeyote akieleza mpango wa safari vizuri kuliko hivyo.

Basi uende lini?

Narudi kwa mwenye swali. Haya ndiyo ninayoyaamini, na unaweza kubishana nami.

Kwanza, anza na tarehe, si chombo. Tafuta dirisha la Duna, liandike, kisha hesabu kurudi nyuma. Ukianza na chombo utaunda mpaka uzeeke, kwa sababu daima kuna injini moja zaidi ya kufungua.

Pili, dirisha la kwanza litume chombo kidogo kisicho na mtu. Hata kama hujamaliza kila kitu Mun. Tofauti ni ile mita 200, umeshaiona. Kikifa, umejifunza. Kikifika, una macho huko, na safari ya pili hutaifanya gizani.

Tatu, Kerbal asipande mpaka uwe umehesabu kurudi. Si kurudi kwa matumaini. Kurudi kwa namba, pamoja na ziada ya siku ambayo msafara umevunjika. Na kumbuka kwamba dirisha la kutoka Duna kurudi nyumbani ni jingine, na nalo lina siku yake. Kivoi na Krapf watuambie.

Nne, kitu kikivuja, kaa. Lakini kukaa kuwe ni kwa sababu ya kitu unachoweza kukitaja kwa jina, kama kile kifaa cha InSight. "Sijisikii tayari" si kitu kinachovuja.

Na kanuni hizi ninaziandika kwa ajili ya gemu, lakini nikiwa mkweli namfikiria kijana wa Mwingi au Wote aliyemaliza shule, anayesubiri mambo yakae sawa ndipo aanze. Na ninaifikiria nchi inayosema itaenda mbali siku moja, bila kuitaja siku.

Siku zinatajika. Dirisha la Mars linafunguka mwisho wa 2026, kisha kati ya mwisho wa 2028 na mwanzo wa 2029, kisha mwanzo wa 2031, na kuendelea hivyo hivyo, bila kuuliza kama Kenya iko tayari. Sidai turushe kitu 2026. Nadai mtu mmoja mwenye mamlaka ataje dirisha moja, hata liwe la mbali, hata kiwe kifaa kidogo cha kupima kitu kimoja ndani ya chombo cha wengine, kisha tuhesabu kurudi nyuma: nani asome nini, maabara gani ijengwe, mwaka gani.

Chukua mtoto aliyezaliwa siku ile pete ilipoanguka Mukuku. Kabla hajatimiza miaka 20, dirisha la kwenda Mars litakuwa limefunguka na kufungwa mara 9. Tisa. Tukiamua leo, ana muda wa kutosha kusoma, kuunda, kufeli mara mbili na bado kupanda la tisa. Tusipoamua, atayaona yote tisa kama sisi tulivyoiona ile pete: kitu cha watu, kinachopita juu yetu, na mara mojamoja kinachotuangukia.